Mashimo Yaliyobaki Wazi

Siku yangu ya kwanza kazini sikukalia kiti. Nilifika asubuhi mlangoni pa ofisi ya mazingira, Mwanza, barua ya ajira mkononi, miguuni viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu, nikakutana na Mkaguzi Mkuu akitoka na kofia ngumu kichwani. Aliipokea barua, hakuifungua. Alinitazama miguuni.

"Binti, unakaa wapi?"

"Pasiansi, kwa mjomba."

"Nenda ukarudi na viatu vya kufunga. Tunakwenda machimboni."

Nilirudi na raba za binamu yangu, zimenizidi, nimezijazia vitambaa mbele. Mkaguzi Mkuu alikuwa bado ananisubiri kwenye gari, anasoma gazeti, wala hakunisema kwa kuchelewa.

Machimbo yenyewe yalikuwa nje kidogo ya mji, kwenye kilima cha mawe makubwa kama vilivyo vilima vyetu vingi. Walikuwa wanatoa kokoto za kujengea. Krasha, yaani mashine ya kusaga mawe, ilinguruma kiasi kwamba watu walizungumza kwa mikono. Mimi nilitaka kuitazama hiyo krasha, maana sikuwahi kuiona kwa karibu. Mkaguzi Mkuu aliipita kama haipo, akaenda mpaka ukingoni mwa shimo, akamwita msimamizi.

"Udongo wa juu uko wapi?"

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mtaniwia radhi nikieleza vitu mnavyovijua. Udongo wa juu ni lile tabaka la kwanza, jeusi, lenye mizizi na mbegu na wadudu. Ndilo linalootesha. Anayechimba kwa adabu huliondoa kwanza, akalilundika pembeni peke yake na kulipandia majani ili mvua isilichukue. Siku ya kufunga shimo linarudishwa mwishoni kabisa, likae juu kama lilivyokuwa. Ukilipoteza hilo, hata ukifukia shimo likajaa, utakuwa umetengeneza uwanja wa vumbi.

Msimamizi alinyoosha kidole kuelekea korongoni. Walikuwa wameusukumia huko wote. Mkaguzi Mkuu hakupandisha sauti. Aliandika amri ya kusitisha kazi juu ya boneti ya gari, akamkabidhi, akasimama pale mpaka krasha ikazimwa. Mwenye machimbo alipokuja ofisini siku iliyofuata kulalamika, aliambiwa atafungua akishautoa udongo wake korongoni. Aliutoa. Niliuona kwa macho yangu ukirudi juu kwa tipa, umechanganyika na matakataka, lakini umerudi.

Tukiwa njiani siku ile ya kwanza, Mkaguzi Mkuu aliniambia, "Kuchimba wanajua wenyewe. Wewe nitakufundisha kufunga."

Alinifundisha kwa miaka yangu yote ya mwanzo. Alinionyesha kwamba ukuta wa machimbo ya mawe hauachwi wima. Unakatwa kwa ngazi pana, kama zile za kukalia uwanja wa mpira, ili jiwe likiporomoka lisifike chini na ili pawe na mahali pa kushika udongo siku ya kupanda. Alinionyesha jinsi ya kusoma mahali maji ya mvua yatakapopita kabla hayajapita. Alinifundisha pia kukaa mbali na baruti, somo nililolishika nimeshachelewa. Sikio langu la kushoto halisikii vizuri mpaka leo, na wajukuu wamezoea kunikalia kulia.

Kituo changu cha pili kilikuwa Nansio, Ukerewe, kukagua mashimo ya wajenzi wa barabara. Ukerewe ni kisiwa chenye watu wengi na ardhi ndogo, na barabara zake zilikuwa zinatengenezwa kwa moramu, ule udongo mwekundu wenye vijiwe unaoshindiliwa juu ya barabara ya vumbi. Huwezi kuchimba moramu pale bila kuchimba shamba la mtu. Bosi wangu alikuwa Mhandisi wa Barabara, mtu mrefu, mkali, aliyependa kubishana hata na redio. Wiki ya kwanza aliniambia sina kazi pale, kwamba ofisi imemletea mwanamke wa kumhesabia majani.

Tulichimba kwenye shamba la mihogo la mzee mmoja wa Kikerewe aliyekubali kwa shingo upande. Kazi ilipoisha, Mhandisi alitaka greda ihamie barabara nyingine. Nikamwomba ibaki kidogo, tulifunge shimo la mzee.

"Na nikikataa?"

"Utakapohitaji moramu tena, huyu mzee na majirani zake watakuwa wanakusubiri na mapanga."

Alicheka, cha ajabu, na greda ikabaki. Tulilaza kingo za shimo zikawa mteremko mpole, tukakata mfereji wa kutoa maji, tukarudisha udongo wa juu tuliokuwa tumeulinda. Nilipanda matete kingoni kwa mikono yangu pamoja na wake wa mzee. Kabla sijahama Nansio pale palikuwa pamelimwa. Mzee aliniletea fungu la mihogo ofisini, akaliweka mbele ya meza ya Mhandisi kimakusudi, na Mhandisi akajifanya halioni.

Nalieleza shimo lile kwa kirefu kwa sababu katika kazi yangu yote ndilo lililofungwa kama inavyotakiwa. Mengine yalifungwa nusu. Mengi zaidi yako wazi.

Niliporudi Mwanza nilikuwa nimepanda cheo, nimekuwa afisa, na kazi yenyewe ilikuwa imebadilika. Zamani mkaguzi alikwenda machimboni akaona na kuamua. Sasa utaratibu ulikuwa mrefu, na kwa kweli ulikuwa mzuri kuusoma. Mtu akitaka kuchimba kokoto anaomba leseni. Anatafuta mtaalamu mshauri wa kumfanyia tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kueleza mapema nini kitaharibika na kitatengenezwaje. Anaandika mpango wa kufunga machimbo kabla hajayafungua. Kisha unaitishwa mkutano, wananchi wanaulizwa, hoja zao zinaandikwa, na ofisi inaweka masharti ndani ya kibali. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaoandika masharti. Niliipenda kazi hiyo. Niliamini wananchi wakisikilizwa mwanzoni, hatutakuwa na haja ya kufunga krasha kwa amri ya kwenye boneti.

Ndivyo nilivyofika kwenye kijiji nitakachokiita Mwabulugu. Si jina lake. Kiko upande wa kwenda Kigongo, na nyuma yake palikuwa na kilima cha mawe, chini yake tambarare ya udongo mweusi, ule tunaouita mbuga, uliojaa majaruba ya mpunga. Kati ya kilima na majaruba kulikuwa na chemchemi. Haikuwa kubwa. Ilitoka chini ya mawe upande wa mashariki, ikaingia kwenye mfereji uliochimbwa na watu ambao hata wazee wa pale hawakuwajua kwa majina, ikanywesha mpunga hata mvua zikichelewa. Kampuni moja ilikuwa imekiomba kile kilima.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamekalia madawati ya watoto, magoti juu. Mbele tulikuwa sisi wa ofisini, meneja wa kampuni, mtaalamu mshauri na mwenyekiti wa kijiji. Mtaalamu alieleza michoro yake vizuri. Kijana mmoja aitwaye Shija akasimama, akasema vijana wanataka ajira na kilima hakijawahi kumlipa mtu mshahara. Alipigiwa makofi. Ndipo akasimama mama mmoja mjane, mnene kidogo, mwenye kitenge cha njano. Alikuwa ananizidi umri kwa miaka kadhaa. Walimwita Mama Kabula.

"Mimi sina mengi," alisema. "Maji ya majaruba yetu yanatoka chini ya huo mlima. Mkiupasua, yatapita wapi?"

Mtaalamu alijibu kwamba utafiti umeonyesha athari kwa maji ni ndogo na zinadhibitika.

"Ndogo kwa nani, baba?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Aligeukia upande wangu. "Wewe binti mwenye kofia, wewe ndiye wa serikali. Unasemaje?"

Nilisimama. Nilimwambia kwamba nitapendekeza upande wa mashariki usiguswe kabisa, vigingi viwekwe, udongo wa juu ulindwe, ukuta ukatwe kwa ngazi. Nilimwambia haya yataandikwa kwenye kibali na kampuni italazimika kuyafuata.

"Wakivunja nije kukutafuta wapi?"

"Ofisini mjini, mama. Ukipanda ngazi, mlango wa mwisho."

Alirudia maneno yale taratibu, mlango wa mwisho, kisha akakaa.

Masharti yangu yaliingia kwenye kibali yote. Nasema hivyo ili msidhani kuna aliyeyafuta kwa siri. Mkuu wa Idara, bosi wangu wa wakati huo, aliyasoma mstari kwa mstari, akarekebisha lugha, akapeleka. Tulikwenda tukapiga vigingi vya zege upande wa mashariki, Mama Kabula na wenzake wakitazama, na meneja mwenyewe alishika kimoja tukapigwa picha. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Shija na vijana wengine waliajiriwa. Nilipokwenda kukagua nilikuta udongo wa juu umelundikwa na kuoteshwa majani, nikamsifu meneja mbele ya watu wake.

Kisha barabara nyingi zikaanza kujengwa kwa pamoja kanda nzima, na kokoto ikawa inatafutwa kama dawa. Tipa zilipanga foleni mpaka barabara kuu. Upande wa magharibi mwamba ulikuwa umeanza kuwa mbovu, una nyufa na udongo ndani. Mwamba mzuri, mgumu, ulikuwa mashariki.

Mama Kabula alipanda ngazi za ofisi yetu asubuhi moja akiwa amebeba chupa ya maji ya kunywa. Alihema kidogo, akaitua mezani kwangu. Ndani maji yalikuwa ya kijivu, kama yaliyooshewa majivu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Haya ndiyo tunayonywesha mpunga sasa."

Niliondoka naye hapohapo na gari la ofisi. Vigingi vilikuwa vimeng'olewa, vimelazwa pembeni kwa mpangilio mzuri kama mtu anayekusudia kuvirudisha. Baruti ilikuwa imeshapigwa ng'ambo ya mpaka. Lundo la udongo wa juu halikuwepo. Walikuwa wamelitumia kutengenezea njia ya tipa. Meneja alikuwa amebadilishwa, na meneja mpya akaniambia kwa upole kwamba yeye hakuwepo kwenye mkutano.

Nilifanya nilichofundishwa. Niliandika amri ya kusitisha kazi, nikasubiri mpaka krasha ikazimwa. Mama Kabula alikuwa amesimama karibu na gari, na mashine iliponyamaza alinishika mkono, akaushikilia muda mrefu. Nakumbuka niliona fahari. Nilijiona kama Mkaguzi Mkuu wangu wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki.

Amri ile haikumaliza mwezi. Mkuu wa Idara aliniita, akaniambia nifunge mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na simu yake ilikuwa inaita mezani, akaigeuza uso chini.

"Amri yako imeondolewa," alisema. "Wamepewa onyo, watarekebisha huku wakiendelea."

"Mzee, watarekebisha nini? Mwamba ukishapasuka haurekebishwi."

"Najua."

"Masharti ni ya ofisi yetu. Tuliyatia saini."

"Dada, barabara imesimama. Mkandarasi anasema hana kokoto, wakubwa wanauliza barabara, hakuna anayeuliza chemchemi. Mimi nimeuliza. Unajua nilichojibiwa? Kwamba kijiji kitachimbiwa kisima."

"Na majaruba?"

Aliinua simu, akaitazama, akairudisha kama ilivyokuwa. Nilitaka kumchukia na sikuweza. Niliandika malalamiko kwenda kwa waliokuwa juu yake, yeye mwenyewe akanisaidia kuyapanga ili yasomeke vizuri. Yalipokelewa. Nikafuatilia, nikaambiwa yanashughulikiwa. Nilifuatilia mpaka makarani wa ofisi ile ya juu wakaanza kuniagizia chai wakiniona mlangoni.

Kisima kilichimbwa kweli, na kinatoa maji ya kunywa, chumvichumvi. Chemchemi haikukauka kwa siku moja. Kwanza ilikuwa inatoka asubuhi tu, kisha ikawa unyevu kwenye mawe, kisha nyuki wakaacha kuja kunywa pale. Msimu huo miche ya mpunga ilibaki mifupi na ya njano. Nilikwenda kuitazama na Mama Kabula akaung'oa mmoja akanipa, akanionyesha mizizi. Alikuwa amesomesha watoto wanne kwa majaruba yale, mume akiwa kaburini.

Kampuni iliondoka jinsi kampuni za kokoto zinavyoondoka. Barabara ilipokamilika, tipa zikapungua, krasha ikafunguliwa vipande na kupakiwa. Tulipoandika kudai mpango wa kufunga machimbo utekelezwe, tukajibiwa kwamba leseni imehamishiwa kampuni nyingine. Tukaandikia hiyo nyingine. Ilijibu mara moja kwamba inajipanga. Kibao cha zamani langoni kilipakwa rangi, likaandikwa jina jipya, na mlinzi akawekwa. Baada ya muda mlinzi naye akaondoka, kibao kikabaki. Sheria ilikuwa na meno, lakini meno yanahitaji mtu wa kumng'ata, na pale hakukuwa na mtu. Kulikuwa na shimo, kuta zimesimama wima, maji ya kijani chini.

Ng'ombe walianza kutumbukia. Wenye mifugo wakaweka uzio wa miiba, ukaoza, wakaweka mwingine.

Hapo ndipo wananchi wa Mwabulugu walipofanya jambo ambalo sijaliona popote pengine. Mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu, akasema wamekaa wakaamua kulifunga wenyewe. Nilimwambia haiwezekani, shimo lile lingehitaji makatapila na muda mrefu. Akasema wanalijua hilo, hawataki kulifunga lote. Wanataka kona moja tu, ya mashariki, pale maji yalipokuwa yanatokea. Labda maji yakipata udongo yatarudi. Wanaomba niwaonyeshe namna.

Nilichukua likizo yangu ya mwaka nikaenda kukaa kwa Mama Kabula. Niliwaeleza wazi tangu siku ya kwanza kwamba ukuta haukukatwa ngazi, kwa hiyo udongo utakaowekwa hautakuwa na pa kushika, na kwamba maji ya chini ya ardhi yakishahama njia, mara nyingi hayarudi. Walinisikiliza kwa heshima. Mwenyekiti akauliza, "Lakini mara nyingine yanarudi?" Nikasema mara chache sana. Akawageukia wenzake, akasema, "Tuanze."

Walifanya kazi ile kama wanavyolima kwa pamoja, kila kitongoji na zamu yake. Mikokoteni ya ng'ombe ilibeba udongo kutoka mbugani. Wanawake walibeba kwa madebe. Shija, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni na kuachishwa ilipoondoka, alikuwa mbele ya mikokoteni na ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote kutafuta udongo mweusi. Niliwapimia mteremko kwa kamba na vijiti. Tulipanda matete, tukapanda miche ya mikuyu, mti ambao Wasukuma wanaamini unapenda maji. Jioni watu walioga kwa maji ya kisima na kukaa nje kwa Mama Kabula, wamechoka, wakibishana kwa furaha nani kabeba zaidi. Miaka yote niliyofanya kazi sikuwa nimekula ugali mtamu kama ule. Nilianza kuamini, ingawa nilijua ninachokijua.

Mvua za vuli zilinyesha kidogo kidogo na kona yetu ikasimama. Matete yalishika. Kisha ikanyesha mvua moja ya mchana, ya upepo kutoka ziwani, ile inayonyesha kama imemwagwa. Mwenyekiti alinipigia, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, kama anayeniarifu bei ya dengu. Udongo wote ulikuwa umeteleza, umeingia kwenye maji ya shimo pamoja na matete na mikuyu. "Umeingia wote," alisema. "Maji yamejifunga juu yake. Ukija leo hutajua kama tulifanya kitu."

Nilikwenda. Ukuta ulikuwa wima kama zamani, umeoshwa, unang'aa. Hakuna aliyenilaumu, na afadhali wangenilaumu. Shija alikuwa amekaa juu ya mkokoteni, akaniamkia, akaniambia anahamia mjini kuendesha bodaboda.

Miaka iliyobaki niliifanya kazi kama mtu anayevuta mzigo kwa mazoea. Nilikagua, nikaandika. Masharti yangu yakazidi kuwa marefu, kana kwamba urefu ungesaidia. Nilihudhuria mikutano mingine mingi ya wananchi, na kila mara walikuwepo watu kama Mama Kabula, wakiuliza maswali sahihi kwa maneno machache, na kila mara hoja zao ziliandikwa vizuri. Sikuwahi kuona mkutano ambao hoja hazikuandikwa. Vijana wa ofisini waliniuliza kwa nini ninanyamaza sana. Niliwaambia ni sikio.

Niliagwa kwa chakula na hotuba. Mkurugenzi, aliyekuwa mgeni kituoni, alisoma kwamba nimetumikia mazingira ya mkoa kwa uadilifu. Walinipa kitenge na saa ya ukutani. Nilishukuru kwa maneno mafupi. Nyumbani Pasiansi nilijikuta sina la kufanya asubuhi, nikawa nakaa barazani nikitazama vilima, nikihesabu bila kutaka ni vipi vimeliwa upande.

Ninyi vijana mnaonitembelea mnaniuliza nini kilikosekana: sheria, magari, au elimu. Sheria tulikuwa nazo. Elimu tulikuwa nayo, mimi na mtaalamu mshauri na hata yule meneja wa pili. Wananchi walisema mapema na walisema kweli. Nimekaa na swali hilo barazani muda mrefu, na sina jibu la kuwapa litakalowasaidia kesho kazini. Ninachojua ni kwamba sisi tulikwenda machimboni kwa ziara, na wao walikuwa wanaishi pale. Tulipopanda gari kurudi mjini, kilichobaki kilikuwa chao.

Baada ya kustaafu nilichelewa kurudi Mwabulugu. Nilikwenda mwaka jana, nikitokea msibani Kigongo, nikamwomba dereva aniteremshe njia panda. Nilisikia sauti kabla sijafika, ko, ko, ko, za nyundo nyingi. Kwenye mdomo wa shimo, upande wa magharibi ambako kampuni iliacha malundo ya mawe mabovu, walikuwa wamekaa wanawake, kila mmoja na kivuli chake cha gunia kilichoshikiliwa na vijiti, wakiponda kokoto kwa mkono. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na kilundo chake kinachosubiri mteja.

Mama Kabula alikuwa wa tatu kutoka njiani. Alikuwa amekonda. Vidole alikuwa amevivalisha vipande vya mpira wa tairi ili nyundo isimwumize.

"Shikamoo, mama."

Alinitambua kwa sauti kabla hajainua uso. "Marahaba, binti yangu. Karibu. Kaa kivulini."

Tuliulizana habari za watoto. Kabula, binti yake mkubwa, alikuwa kwenye kilundo cha nne, akanipungia. Majaruba, aliniambia, yamebaki ya kulishia mbuzi. Kisha akasema kwamba wiki iliyopita alikuja kijana kutoka ofisini kwetu, mpole, ana kofia kama yangu, akawaambia waache. Hawana kibali. Wanachimba kinyume cha sheria.

"Hatuchimbi," alisema Mama Kabula. "Tunaponda yaliyoachwa. Lakini yeye anasema ni uchimbaji. Wewe mambo haya umeyafanya. Sisi tukitaka hicho kibali, tunaanzia wapi?"

Nikamweleza. Wanawake wa karibu walisimamisha nyundo wakasogea. Nilieleza waunde kikundi, wasajili, waombe leseni ndogo, kwamba kutakuwa na tathmini, na kwamba wataitisha mkutano kijijini ili wananchi waulizwe kama wanakubali. Kabula aliuliza wananchi gani, na mama yake akamwambia anyamaze, anisikilize. Nilimaliza kwa masharti, yale ya kawaida, kwa sababu yamo na siwezi kuyaruka.

Mama Kabula aliiweka nyundo juu ya goti.

"Na hili shimo," aliuliza, "litatakiwa kufukiwa na nani?"

Nilimwambia kampuni haipo tena, na sheria inamtaka mwenye kibali cha eneo alifukie.

"Kwa hiyo sisi."

"Ndiyo, mama."

Alilitazama shimo, akatazama kilundo chake cha kokoto. Kisha akachagua jiwe lingine, akaligeuza mpaka akapata upande wa kupiga.